Waliaula, Walibora: Uainishaji wa Fikra na Ubunifu wa Mwandishi wa Bara

Aghalabu mjadala kuhusu ubunifu huendeshwa kana kwamba akili ya msanii ni uwanja mtupu. Sivyo. Akili huupokea ulimwengu ukiwa umekwisha kugawanywa: huyu wa pwani, yule wa bara, huu utenzi, ile hadithi, hiki Kiswahili, kile kilugha. Linalomhusu mhakiki ni jinsi migawanyo hiyo inavyotenda kazi pale mtu anapoketi kuandika, na katika hilo Ken Walibora anastahili kutazamwa kwa makini.

Walibora alizaliwa Bungoma, akakulia Cherang'ani, upande wa Kitale, katika nyanda zilizolimwa na walowezi wa Kizungu hadi wakati wa uhuru, kisha zikakaliwa na Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Wapokoti na wengineo. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni na darasani. Hakikuwa lugha ya mama. Jina lake la ukoo lilikuwa Waliaula. Sikio lililokwisha kuzama katika Kiswahili lilisikia mwishoni mwa jina hilo neno "aula", lenye asili ya Kiarabu na maana ya "bora", na Waliaula akawa Walibora. Mwanaisimu wa historia angeukataa mkato huo papo hapo, kwa kuwa silabi za jina la Magharibi mwa Kenya zimetiwa katika kundi lisilo lao. Hata hivyo, kutokana na ukiukaji huo wa uainishaji limezaliwa jina ambalo wasomaji wa Kiswahili wanalijua kuliko lile la awali.

Mchezo uo huo umo katika riwaya yake ya kwanza. Mwaka 1994 Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff walichapisha kitabu kizima kuhusu utambulisho wa Waswahili, suala ambalo wataalamu walikuwa wameligombania kwa miongo mingi. Miaka miwili baadaye ilitoka Siku Njema, na msimulizi wake anaitwa Kongowea Mswahili. Kundi ambalo wanazuoni walibishana nani aingie na nani abaki nje limefanywa jina la kijana mmoja, ambaye mama yake ni mwimbaji wa taarab wa Tanga na ambaye safari ya kumtafuta baba inamfikisha Kitale.

Kwa nini Tanga? Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa bara vilevile, aliianza Rosa Mistika (1971) kijijini Namagondo, Ukerewe, alikozaliwa, bila ya kuomba ruhusa ya pwani. Yamkini Walibora alikuwa bado ameshikwa na imani, ambayo wanafunzi wengi wa bara wameimeza pamoja na sarufi, kwamba Kiswahili chao ni cha kuazima na kwamba riwaya yenye Kiswahili safi sharti inuke chumvi ya bahari. Imani hiyo imewanyamazisha wengi. Ni nani ajuaye idadi ya miswada iliyokufa kwa sababu yake? Lakini kwa Walibora ilizaa jambo ambalo uhuru kamili pengine usingelizaa: ilimlazimu aingie Kitale kwa macho ya mgeni. Mji aliouzoea tangu utotoni ukawa mwisho wa safari, mahali panapotafutwa na kuulizwa njia. Wahakiki wanaoisifu riwaya hii kwa ufasaha wake tu wameipunja, kwani ufasaha ule umetokana na mwandishi kujiweka upande wa pili wa mpaka aliorithishwa.

Ilipita miaka 18 kabla ya Walibora kuusimulia utoto wake kwa nafsi yake, katika Nasikia Sauti ya Mama (2014). Alifariki Aprili 2020. Riwaya zake zina jina la Walibora peke yake. Katika baadhi ya maandishi yake ya kitaaluma ya Kiingereza majina yote mawili yamesimama bega kwa bega, Ken Walibora Waliaula.