Karatasi Iliyofungiwa Kabatini

Ndugu msomaji, labda nawe umekwisha kuambiwa maneno haya mawili: "Hujakidhi vigezo." Mimi nimeyasikia mara nne, na mara zote nne sikuambiwa vigezo vyenyewe ni vipi. Leo nataka kukueleza jinsi tulivyovitafuta, kwa maana naamini hata katika kigango chenu yumo mtu anayehangaika kama tulivyohangaika sisi, wala hajui pa kuanzia.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni fundi viatu. Mguu wake wa kulia ulilemaa alipougua utotoni, naye hutembea kwa magongo. Kijiji chetu kiko kando ya barabara itokayo Laela kwenda Sumbawanga, huku juu Ufipa ambako mwezi wa Juni upepo huuma hata vidole vinakataa kushika sindano. Hapo ndipo hukaa, chini ya mti karibu na gulio, na nyundo yake, sindano mbili, gundi, na chuma cha kugongea. Makatambuga yake ya mipira ya magari yanapendwa hata na watu wa bondeni. Si mtu wa kuombaomba. Shida yake ni moja tu: mpira na ngozi hununua vipande vipande kwa bei kubwa, kwa sababu hana fedha za kununua mzigo.

Mwaka 2022 alisikia redioni habari ya mikopo ya halmashauri. Sheria hutaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuikopesha bila riba: sehemu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jioni ile ile akaja kwangu. "Mjomba, wewe ulikuwa mwalimu, unajua kusema na wakubwa. Nisindikize."

Nikamsindikiza. Ofisi tuliyokwenda siitaji, kwa maana sitaki ugomvi, tena yule kijana tuliyemkuta hakuwa mtu mbaya. Alimpa mpwa wangu kiti chake mwenyewe. Akatuambia, "Leteni kikundi cha watu kumi." Basi tukarudi nyumbani tukahesabu. Katika kijiji chetu watu wenye ulemavu wanaofanya biashara ni yeye, na mama mmoja asiyeona ambaye husuka vikapu, na kiziwi mmoja mshona nguo. Watatu. Wengine saba tungewatoa wapi? Tuwavunje watu miguu?

Tukarudi na hao watatu. "Hamjakidhi vigezo." Safari ya tatu nikauliza, kwa heshima, "Mwanangu, vigezo hivyo vimeandikwa wapi?" Akasema, "Kwenye mwongozo." Nikasema, "Naomba tuuone." Akageuza macho kwenye kabati la chuma lililokuwa nyuma yake. "Huo ni wa ofisi, mzee." Nililiangalia kabati lile kwa muda mrefu. Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na mbili, na sikupata kumpa mtoto mtihani halafu nikamficha swali.

Sasa sikia hasara yake. Nje ya ofisi alisimama bwana mmoja mwenye koti zuri, akamwambia dada yangu kwamba kwa shilingi 30,000 yeye anaweza "kupitisha" jina la kijana. Dada yangu akauza mbuzi. Mimi sikuambiwa, maana alijua nitamkataza. Yule bwana hatukumwona tena. Usimcheke dada yangu, msomaji. Masharti yakikaa gizani, mtu kama yule hupata biashara. Lakini kama masharti yangalibandikwa mlangoni, angaliuza nini? Hata safari ya nne, tulipoambiwa maneno yale yale mawili, nilikuwa nafikiri zaidi juu ya mbuzi yule kuliko juu ya mkopo.

Binti yangu aliyeko Mbeya ndiye aliyenifungua macho. Alinipigia simu kunisalimu, nikamweleza, naye akaitafuta sheria katika simu yake akanisomea polepole. Kumbe Katiba yetu, Ibara ya 18, husema kwamba kila mtu anayo haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Na tangu mwaka 2016 iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Mwananchi huomba kwa maandishi, na ofisi ya umma haina budi kumjibu katika muda usiozidi siku 30. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, husema kwa mdomo na afisa humwandikia. Ofisi ikikataa, sharti itoe sababu, nawe waweza kuomba uamuzi ule uangaliwe upya.

Jambo hili si la jana duniani. Watu wa Sweden walikuwa na sheria ya namna hii tangu mwaka 1766, na jirani zetu wa Uganda wanayo tangu 2005. Mimi, mwalimu mzima, nilikuwa sijui kama nasi tunayo.

Basi nikaketi kuandika. Yafaa nikueleze barua yenyewe ilivyokuwa, maana hapo ndipo wengi hukosea. Sikuandika, "Tunaomba mtusaidie mkopo." Kwa barua hiyo wangenijibu tena kwamba hatujakidhi vigezo. Niliandika hivi: "Naomba nakala ya kanuni na mwongozo unaoonyesha ni nani anastahili mkopo wa watu wenye ulemavu, na ni nani hastahili." Nikataja sheria ile ya 2016, jina langu, anwani yangu, na tarehe. Nikatengeneza nakala mbili. Moja niliiacha ofisini. Ya pili nikaomba ipigwe mhuri wa kupokelewa, nikarudi nayo. Yule kijana alisita kidogo, akaingia chumba cha ndani, akatoka na mhuri. Nyumbani nikaanza kuhesabu siku kwenye kalenda kama mtoto anavyoingoja Krismasi.

Siku ya ishirini na tatu tukaitwa. Tukapewa karatasi zenyewe, zimetobolewa na kufungwa kwa uzi. Mpwa wangu alizisoma usiku ule kwa taa, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Kanuni za kwanza zilikuwa za mwaka 2019, kisha zikafanyiwa marekebisho mwaka 2021. Hesabu ya watu kumi ilikuwa imekwisha kuachwa. Tena mwenye ulemavu alikuwa amefunguliwa mlango hata akiwa peke yake, bila kikundi. Umri wa miaka kumi na minane alikuwa nao na zaidi, na kazi anayo. Alirudia mstari ule mara mbili, halafu akasema bila kuniangalia, "Mjomba, kumbe nilistahili tangu siku ya kwanza." Nilitoka nje nikajifanya natazama ng'ombe.

Je, yule kijana wa ofisini alitudanganya? Sidhani. Nafikiri alikariri mambo ya zamani, na karatasi mpya ilipofika ikaingia kabatini bila kusomwa hata na mwenye ufunguo.

Hapa, msomaji, lazima niungame kosa langu mwenyewe. Nililewa ushindi. Katika mkutano mkuu wa kijiji nilisimama nikadai mambo mawili: masharti yabandikwe ubaoni, na orodha ya watu wote wenye ulemavu wa kijiji nayo ibandikwe, kila mtu na aina ya ulemavu wake, ili tuone nani amesahauliwa. Watu wakapiga makofi. Mtendaji wa kijiji akakubali, na kesho yake karatasi zote mbili zikawa ubaoni.

Siku ya tatu, kabla ya jogoo wa pili, bibi mmoja alibisha mlangoni pangu. Alihamia kwetu kutoka bonde la Rukwa pamoja na mjukuu wake mwenye ualbino. Hakuketi. Alisema tu, "Mwalimu, umemwandikia mwindaji njia ya nyumbani kwangu." Nikasikia baridi mwilini. Wazee husema jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi, lakini wewe na mimi twajua kwamba katika miaka iliyoanzia 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa katika nchi hii na kukatwa viungo, hata watoto, na mkoa wetu haukusalimika. Bibi huyo alikuwa ameukimbia uovu huo. Nami nikaliandika jina la mtoto, na hali yake, na kitongoji chake, mahali ambapo kila mpita njia atasoma.

Nilikwenda na taa, kabla hakujapambazuka, nikaibandua karatasi ile kwa mikono yangu. Mtendaji nilimweleza baadaye, wala hakunilaumu.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya mpaka huo. Sheria ya 2016 yenyewe hukataza kutoa taarifa inayoingilia faragha ya mtu bila sababu, na mwaka 2022 ikatungwa sheria nyingine ya kulinda taarifa binafsi. Masharti ni mali ya wote. Ugonjwa wa mtoto ni wa mtoto na mama yake. Ndivyo nionavyo. Lakini hata hapo si rahisi kama inavyosikika. Huko India, jimbo la Rajasthan, katika miaka ya 1990 vibarua na wakulima walidai madaftari ya malipo yasomwe mbele ya watu kijijini, na yaliposomwa, wakasikia majina ya watu waliokwisha kufa yakitajwa kuwa wamelipwa. Kelele zile zilichangia kupatikana kwa sheria ya nchi nzima mwaka 2005. Hata kwetu, kaya za mpango wa TASAF hutajwa katika mkutano wa kijiji, na ni vema, la sivyo tajiri angejiandikisha kuwa maskini. Kwa hiyo majina ya waliopokea fedha za umma huenda yakafaa kusikika, penye watu wanaojuana. Lakini aina ya ulemavu, na nyumba ilipo, na mtoto analala chumba gani, hayo ya nini ubaoni? Bibi yule hakuhitaji sheria kujua tofauti hiyo.

Turudi kwa mpwa wangu. Mwanzoni mwa 2023 alipeleka maombi yake, peke yake, na nakala ya kanuni akaiambatanisha. Safari hii hakuna aliyemtajia watu kumi. Tulikuwa bado tunangoja majibu, mwezi wa Aprili serikali ikaisimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu utengenezwe upya. Dada yangu alilia. Mimi nilicheka, maana nililokuwa nalo la kufanya halikuwepo. Mwaka 2024 mikopo ikarudishwa, na pamoja nayo kanuni mpya. Ndiyo kusema karatasi zetu zilizofungwa kwa uzi zilikuwa zimezeeka.

Safari hiyo barua aliiandika mpwa wangu mwenyewe, nami nilisahihisha koma tu. Siku ya kumi na nane akapewa kanuni mpya. Maombi yake mapya yako ofisini. Nakala yenye mhuri huitunza katika kopo la misumari, na tarehe ya kuuliza tena ameiandika kwa chaki kwenye kifuniko.

Masharti mapya tuliyanakili kwa herufi kubwa tukayabandika ubaoni, bila jina la mtu yeyote. Nilidhani tumemaliza. Kumbe yule mama msuka vikapu alipopita akasimama, akaupapasa ubao kwa mkono wake, akasema, "Mwalimu, ubao huu kwangu ni ubao tu." Ndipo mpwa wangu akaanza desturi ya kuyasoma kwa sauti siku za gulio, huku anashona. Na kwa yule kiziwi, humwonyesha kwa kidole na ishara, mstari mmoja mmoja. Huchukua saa nzima, na wateja hungoja.

Juma lililopita alikuja baba mmoja kutoka ng'ambo ya Milima ya Mbizi, ametembea tangu alfajiri. Binti yake haoni, naye hufuga kuku. Akamwuliza mpwa wangu kwa sauti ndogo kama karatasi ile inauzwa, na ni shilingi ngapi. Mpwa wangu akamsogezea gogo la kukalia, akaweka nyundo chini, akaanza kumsomea tangu juu.