Mahali pa Kula Katika Milima ya Lushoto

Msafiri apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika Mkoa wa Tanga nchini Tanzania, husahau njaa kwa muda. Barabara hujipindapinda milimani kwa kilometa 33, hewa hupoa, na joto la tambarare hubaki chini. Wajerumani waliufanya mji huo mahali pa kupumzikia, wakauita Wilhelmstal. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na hata leo wageni hupanda kutafuta baridi.

Lakini baridi huamsha njaa, na hapo ndipo wengi hupata taabu. Mgeni hufika jioni, huingia hoteli ya kwanza aionayo, huagiza kuku, kisha hukasirika aambiwapo angoje saa mbili. Hajui kwamba kuku mwenyewe bado anatembea uani. Mahali palipo mbali na miji mikubwa, mpishi mwenye busara hanunui nyama asiyojua kama italiwa. Hupika kwa kadiri ya watu anaowatazamia. Basi yafaa mgeni atoe habari asubuhi: watu ni wangapi, watakula nini, na watarudi saa ngapi. Afanyaye hivyo hukuta meza tayari.

Jambo la pili ni kufuata soko. Siku za gulio, wanawake wa Kisambaa huteremka na kabichi, karoti, viazi, maharage na ndizi, na mwanzoni mwa mwaka huleta plamsi na peasi. Hapo karibu mamalishe huinjika vyungu vyao. Mahali wanapokula madereva na wachukuzi, chakula ni cha moto na bei yajulikana. Ugali, maharage na mboga zilizochumwa alfajiri humshibisha mtu kuliko sahani ya kigeni iliyopikwa kwa kubahatisha. Ila wenyeji wengi ni Waislamu, na mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hazipiki mchana. Msafiri na ajiandae.

Atakaye chakula cha namna nyingine na aende Irente, kilometa chache kutoka mjini, penye genge ambalo mtu husimama juu yake akaona tambarare yote miguuni pake. Hapo lipo shamba la Kanisa la Kilutheri, ambako hutengenezwa mkate, jibini na jamu, na wageni huandaliwa chakula cha mchana. Lakini aendaye mbali zaidi, hata Mtae kwenye ukingo wa milima, asitegemee bahati. Huko hoteli ni chache, na giza likiingia moto huzimwa mapema.

Jambo hili si la tumbo tu. Mboga za Lushoto hupakiwa katika malori kwenda Tanga na Dar es Salaam, na mara nyingi bei hukatwa na dalali, wala si mkulima. Mvua za masika zikiiharibu barabara, kabichi huoza njiani. Lakini sahani iliyouzwa palepale milimani huacha fedha yake mikononi mwa aliyelima, aliyechota maji na aliyepika. Mgeni apandaye na makopo kutoka mjini amewanyima hao wote, naye mwenyewe amekula chakula kibaya.

Wenyeji nao wana wajibu wao. Heri kumwambia mgeni "hakuna" kuliko kumwambia "kipo" kisha kumkalisha hata usiku. Bei na itajwe kabla ya sufuria kuteleka, maji ya kunywa yachemshwe, na vyombo viwe safi. Mgeni aliyekula vizuri hurudi, tena huja na wenzake.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika milima ya Lushoto methali hiyo hutimia mezani, ikiwa mgeni atauliza mapema na mwenyeji atajibu kweli.