Jazi ya Giza ya Mlima Wetu

Uholanzi haina mlima. Ukienda kusini kabisa, pale inapokutana na Ubelgiji na Ujerumani, kuna kilele kinaitwa Vaalserberg, mita 322. Kwetu Marangu hicho ni kilima cha kupanda ukienda gulioni na mkungu wa ndizi kichwani. Labda ndiyo maana vijana wawili wa Utrecht, mwaka 2000, walipotafuta jina la kundi lao waliazima mlima wa watu wengine.

Walikuwa Jason Köhnen na Gideon Kiers, wote wamepitia chuo cha sanaa cha Utrecht. Walitaka kutunga muziki mpya wa filamu za kale zisizo na sauti: Nosferatu ya Murnau ya mwaka 1922, Metropolis ya Fritz Lang ya 1927. Muziki wa kompyuta, wa taratibu, wenye giza. Wakajiita The Kilimanjaro Darkjazz Ensemble. Ukilitafsiri inakuwa Kundi la Jazi ya Giza la Kilimanjaro, jina ambalo Moshi lingeonekana la ajabu hata ukutani kwenye baa.

Nililisikia Delft, ninakosoma shahada ya uzamili katika masuala ya maji. Mwenzangu wa darasani aliniuliza natoka wapi, nikajibu Kilimanjaro, nikajiandaa kwa swali ninaloulizwa kila wiki: umeshaupanda? (Hapana. Wanaoupanda kwetu ni wanaobeba mizigo ya wanaouliza.) Yeye hakuuliza hilo. Macho yalimng'aa, akaniuliza kama nawajua hao jamaa.

Jina lenyewe limezurura sana. Miles Davis alirekodi albamu yake Filles de Kilimanjaro mwaka 1968. Nyumbani liko kwenye chupa ya bia, chupa ya maji na hoteli, na ukitaja Kilimanjaro Band mbele ya mtu mzima wa Dar es Salaam atawakumbuka Wana Njenje na pengine atainuka kucheza. Hawa wa Utrecht huwezi kuinuka kuwacheza. Ngoma inatembea kama mtu anayevuka sebule usiku bila kutaka kuwaamsha wenzake. Bezi iko chini mno. Juu yake kuna mikwaruzo ya kompyuta, kama redio inayotafuta stesheni. Katika albamu ya kwanza, iliyotoka mwaka 2006 kwa lebo ya Planet Mu, wawili hao walishaongeza watu: Nina Hitz kwenye selo, Hilary Jeffery kwenye tromboni.

Kwanza niliudhika. Niliudhika zaidi nilipojua kwamba walipopiga jukwaani bila kupanga, kila mtu akibuni papo hapo, walijibandika jina lingine: The Mount Fuji Doomjazz Corporation. Yaani mlima wetu na wa Wajapani vilikuwa kapu moja la majina makubwa ya mbali. Hata hivyo niwatendee haki. Sijasikia kwao simba akinguruma, wala marimba ya kubandika ili mtu ajue hapa ni Afrika. Walichukua jina wakaacha mengine yote.

Na giza je? Watalii wanaujua mlima mweupe wa kwenye kadi za posta. Sisi tulio chini yake tunauona alfajiri, na jioni ukipenda kujionyesha. Kati ya hapo ni wingu. Mwezi wa Julai zinapita siku kadhaa za manyunyu na baridi, migomba inadondosha maji mchana kutwa, na mtu akikuuliza mlima uko upande gani unamwonyesha ukungu.

Babu yangu alifariki mwezi wa pili, mwaka wangu wa kwanza huku. Alikuwa mpiga tarumbeta la bezi katika kwaya ya usharika wetu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, vyombo vya shaba vya makanisa ya Kijerumani vikafuata njia hiyohiyo, na leo matarumbeta ndiyo yanayowasindikiza wazee wetu kaburini, kwenye kihamba, katikati ya migomba. Bei ya tiketi ilikuwa juu ya uwezo wangu. Binamu yangu akashika simu ili nishiriki. Picha ikaganda kwenye jani moja la mgomba, ikabaki hapo. Sauti ndiyo iliendelea kuja, lakini mtandao ulikuwa unaitafuna: noti moja ya tarumbeta inavutwa, inakwaruza, inazama, inarudi ikiwa chini zaidi. Wenzake babu walipiga tenzi ambazo nazijua tangu utotoni, na sikuweza kutambua hata mmoja. Nilisikiliza mpaka chaji ya binamu ikaisha.

Miezi mitatu baadaye, nikiwa juu ya baiskeli na muziki wa hawa watu masikioni, tromboni ya Jeffery iliingia, ikavutwa, ikakwaruzwa na kompyuta, ikazama. Nilisimama kando ya mfereji. Sidai kwamba walijua lolote kuhusu kwaya zetu. Nadhani hawakujua. Albamu yao From the Stairwell ilitoka mwaka 2011, mimi nikiwa darasa la sita, babu akiwa bado anang'arisha tarumbeta lake kila Jumamosi kwa jivu na ndimu.

Nilimtumia mama wimbo mmoja kwa WhatsApp, bila maelezo. Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, nyuma yake kuku wakilia.

"Mwanangu, wanapiga polepole mno hao. Ila huyo wa tarumbeta anajua kazi yake. Ni wa usharika gani?"