Baridi Peke Yake Haitoshi

Tangu nisome habari za pinot noir, ile zabibu nyeusi ya Burgundy kule Ufaransa, usingizi umenipungua. Kila nilichosoma kinasema inapenda baridi. Nikajisemea: baridi? Si ndiyo mali yetu sisi wa Daudi! Huku juu Mbulu, asubuhi ya Julai hata wazee hawatoki bila blanketi.

Mshikaji mmoja akanambia, "Zabibu ni Dodoma, bwana." Kweli, Dodoma zimelimwa tangu wamisionari walipozipanda Bihawana miaka ya 1950, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kule mzabibu haulali wenyewe. Mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa kupogoa.

Hapo ndipo penye fumbo. Baridi ya Burgundy ina zamu. Majira ya baridi mti hulala bila jani hata moja. Kiangazi mchana hufikia karibu urefu wa saa 16. Daudi iko kama nyuzi 4 kusini ya ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na baridi yetu ni ya mwinuko tu. Tena pinot noir ina ganda jembamba na vichala vilivyobanana. Mvua ikiingia humo, tunda linaoza. Nasi mvua tunazo kuanzia Novemba hadi Mei.

Nikamweleza baba mpango wangu: tupogoe Aprili, mvua zikielekea kwisha, ili matunda yaive Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa kavu. Mzee akatazama shamba lake la vitunguu saumu.

"Mwanangu, saumu hunilipia ada ndani ya miezi mitano. Huo mti wako je?"

"Mavuno ya kwanza mwaka wa tatu, baba."

"Na wadogo zako watasoma kwa majani?"

Sikuwa na jibu. Nimeomba mistari miwili tu ya ukingoni, penye mteremko usiotuamisha maji. Saumu ibaki palepale. Baba hajasema ndiyo, ila juzi nimemwona akiupima mteremko ule kwa hatua.

Sisi vijana tunapenda majina ya mbali, na si vibaya. Lakini kabla ya kuchimba shimo la kwanza tujiulize: mmea huu utalala lini, utaamka lini, na nyumbani watakula nini wakati tunausubiri?