Kuita Majina ya Watoto

Hapa Kisangani kila asubuhi naita majina darasani. Wengine huiona kazi hiyo kuwa ya karani tu. Mimi siioni hivyo, tangu yaliyotokea Banalia, kaskazini mwa mji wetu, mwaka 2021.

Huko watu walianza kuugua mwezi wa Juni: homa kali, shingo kukakamaa. Walizikwa, na ugonjwa hauna jina. Vipimo vilivyopelekwa hata Paris, kwenye Taasisi ya Pasteur, ndivyo vilivyoonyesha kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Ulipotangazwa, mwezi wa Septemba, watu 129 walikwisha kufa kati ya 261 walioshukiwa kuugua. Karibu nusu! Na dawa yake ipo, mgonjwa akiwahi. Chanjo pia ipo.

Basi watoto wawili wa mtaa mmoja wakikosekana pamoja, siweki alama na kunyamaza. Nauliza nyumbani, kisha nampasha habari muuguzi wa zahanati. Baba mmoja alinikasirikia: “Bwana mwalimu, mbona waitangaza aibu ya nyumba yangu?” (Aibu gani, kuugua?) Muuguzi alimkuta mtoto wake na surua, na nyumba ya pili vivyo hivyo.