Miaka Yangu ya Darasa la Kwanza

Nilihitimu Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1980, nikapangiwa wilaya ya Liwale, mkoani Lindi. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ulikuwa umeanza mwaka 1977, na shule zilikuwa zinafunguliwa vijijini kwa kasi ambayo vyuo vya ualimu havikuiweza. Wengi wa wenzangu ofisini walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakisomea ualimu hukohuko kijijini huku wakishika vipindi. Watu waliwaita "walimu wa UPE" kwa kuwadharau, kama walivyokuja kuwaita "vodafasta" vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya muda mfupi ili kuziba pengo la shule za kata. Nimefanya kazi na makundi yote mawili na nawatetea mbele ya yeyote. Taifa lilikuwa na shida ya walimu, likawaita, wakaitika. Wa kuulizwa kuhusu ufupi wa mafunzo yao si wao.

Liwale ilinipokea vizuri. Masika barabara ya kutoka Nangurukuru ilikuwa haipitiki, chaki zikatuishia, tukaandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu. Ulipofika wakati wa kuamia mashamba, familia zilihamia huko kulinda mazao na darasa likabaki nusu. Nilimfuata mzee mmoja shambani kumwomba mjukuu wake. "Mwalimu, mwanangu," akaniambia, "nikiwaachia nguruwe shamba hili, huyu atasoma amekula nini?" Tukakaa chini tukapanga zamu ya kulinda, mtoto akawa anakuja shule asubuhi. Mzee yule alinisikiliza kwa sababu nilimfuata kwake nami nikamsikiliza.

Karibu maisha yangu yote ya kazi nilifundisha darasa la kwanza, na ningependa watu wajue kazi hiyo ikoje. Mtoto hukabidhiwa kwako akiwa anaishika penseli kwa ngumi. Kabla ya herufi yoyote, mnachora mistari iliyosimama, mistari iliyolala, kisha viduara. Herufi ya kwanza mnaiumba hewani kwa kidole, wote kwa pamoja, halafu kwenye mchanga, ndipo kwenye daftari. Hapo sasa unapita dawati kwa dawati. Unainama, unaweka mkono wako juu ya mkono wa mtoto, mnaandika "a" pamoja, unamwachia aandike peke yake, unamtazama. Akikosea mzunguko unarudia. Hakuna namna nyingine niliyoiona ikifanya kazi, na kila mtoto anahitaji mkono huo zaidi ya mara moja.

Kwa watoto 45, kama kanuni inavyotaka kwa mwalimu mmoja, inawezekana. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2002, na michango ilipopigwa marufuku kuanzia Januari 2016, nilifurahi kwa dhati, kwa sababu nilikuwa nawajua kwa majina watoto waliokuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa hela. Lakini darasa langu likajaa hadi kupita mia. Walikaa sakafuni, magoti yamegusana, njia ya kupita hakuna. Mkono wangu uliwafikia wa mbele na wa pembeni. Wa katikati niliwaona kwa macho tu. Haohao ndio waliofika darasa la nne hawajui kusoma, na aliyeitwa kujieleza ni mimi.

Mwezi Februari 2009 tulisikia kwenye redio ya ofisini kwamba huko Bukoba mkuu wa wilaya ameamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko, na polisi ndiye aliyewachapa, kisa matokeo mabaya ya mitihani na uchelewaji. Hakuna aliyesema neno. Mwalimu wa zamu alitoka kwenda kugonga kengele, akarudi akakaa bila kuigonga. Rais Kikwete alimfukuza kazi mkuu huyo wa wilaya siku chache baadaye, na nilimshukuru. Hata hivyo kesho yake baada ya habari ile mtoto aliniuliza kama na mimi nitachapwa. Nchi iliyompa rais wake wa kwanza jina la Mwalimu, akadumu nalo hata baada ya kuacha urais, ilifikaje mahali mtoto wa miaka saba akaniuliza swali lile?

Yako mengine yasiyofika redioni. Nilipohamishiwa mkoa mwingine nilisafirisha mizigo kwa fedha yangu, nikaambiwa nitarudishiwa. Madai yangu yalihakikiwa, yakahakikiwa tena. Kila uhakiki nilitakiwa nilete tiketi halisi ya basi, na wino ulikuwa umefifia hadi nauli haisomeki. Karani, kijana wa rika la wanangu, aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia, akasema "Haisomeki, mama," akamwita anayefuata. Nililipwa sehemu, miaka mingi baadaye.

Mwalimu asiyelipwa stahiki yake hukopa. Katika miaka yangu ya mwisho kazini nimewaona vijana hodari, wanaoandaa masomo yao vizuri, wakiwa wameacha kadi za benki kwa wakopeshaji wa "kausha damu". Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayekwenda kuchukua mshahara. Mwalimu anasimama mbele ya darasa akiwa hajui atampa nini mwanawe jioni. Tunaweza kumwimbia nyimbo za sifa kwenye mahafali. Mimi naomba alipwe uhamisho wake, apandishwe daraja kwa wakati na asifokewe mbele ya wanafunzi wake.

Nilistaafu mwaka 2018. Sasa niko kwenye kamati ya shule ya kijiji ninachoishi. Mwalimu mpya wa darasa la kwanza, binti anayetoka mbali, anapanga chumba mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka shuleni. Tumekubaliana kumjengea nyumba kabla ya kupaka rangi ofisi. Wazazi wamesomba mchanga na kufyatua matofali, kuta zimefika kwenye lenta. Mabati hatuna. Diwani nimeshamwandikia, na Jumatatu nitakwenda kumuona mwenyewe.