Mwenye Ng'ombe

Mwaka 2018, nilipopata barua ya chuo kikuu, baba alinunua ndama dume akasema ni wangu. "Huyu ndiye karo yako ya mwaka wa mwisho," aliniambia tukiwa tumesimama nyuma ya nyumba yetu nje ya Kitale. Nilicheka. Sikujua kwamba mwaka wa mwisho yeye ataufikia na mimi sitaufikia.

Niliacha chuo 2020. Masomo yalikuwa yamehamia mtandaoni, simu yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka, na deni la karo lilinifungia mtihani. Nikapanga chumba Bungoma na kuanza kuandika chochote kinacholipa: barua za watu wanaotafuta kazi, makala za Wazungu kuhusu malazi ya mbwa. Kila nilipompigia baba nikamwambia auze yule ng'ombe, jibu lilikuwa moja: "Bado anakua."

Mama ndiye aliniambia ukweli. Ng'ombe hakuwa anafugwa wa kuuzwa. Sisi ni Waisukha. Babu alitoka upande wa Khayega akaja Trans Nzoia kutafuta shamba, na mchezo wa fahali alikuja nao. Fahali wa kupigana halimi wala hachanganywi na majike. Anajengewa kibanda chake peke yake, anakatiwa nepia, anapewa molasi, pembe zinachongwa. "Analala vizuri kukuliko," mama alisema, na hakuwa anatania.

Halafu ikaja Juni 2021. Kuanzia tarehe 18, serikali iliweka kaunti 13 za upande wetu, Bungoma na Trans Nzoia zikiwemo, chini ya kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Mikutano marufuku, makanisa yakafungwa, masoko ya mifugo yakasimamishwa siku 30. Yaani hata baba angetaka kuuza, hangekuwa na pa kumpeleka. Siku hizo ndizo alizochagua kunipigia. "Njoo. Ng'ombe yako anacheza Jumamosi."

Nilipanda matatu Ijumaa mchana. Tulikuwa abiria wanane mahali pa kumi na wanne, nauli imepanda, barakoa zinashuka kidevuni tukipita Webuye na kupandishwa tena tukiona kizuizi cha polisi. Niliingia nyumbani nusu saa kabla ya kafyu.

Saa kumi na dakika chache tulikuwa njiani na tochi ya simu. Mapigano ya fahali hufanywa asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa hivyo kafyu haikutubadilishia saa, ilitubadilishia sauti. Ngoma za isukuti, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, asubuhi hiyo zilibaki ndani ya gunia. Watu waliimba kwa kunong'ona. Sijawahi kuona kitu cha ajabu hivyo: wanaume kama sitini, wakimzunguka fahali mbio mbio, wakiimba kama wako kwa chumba cha mgonjwa.

Uwanja ulikuwa kipande cha shamba lisilolimwa, mahindi marefu kila upande. Kule Ngong, Nairobi, farasi wamekuwa wakikimbia tangu 1954 na wenye farasi wana jukwaa lao. Mimi nilisimama kwa umande na viatu vya mjini.

"Mwenye ng'ombe ni nani?" mzee mmoja akauliza. Baba akanyoosha kidole kwangu.

Alikuwa mchinjaji. Alinivuta kando akasema ananunua hapo hapo, kabla ya mchezo, elfu mia moja na kumi, pesa ziko kwa simu. Deni langu la chuo lilikuwa tisini na nne. Nilimtazama baba, akajifanya anakagua kamba. Angesema neno moja, lolote, ningelifuata. Hakusema.

"Tuone kwanza," nikasema. Mpaka leo sijui sauti hiyo ilitoka wapi.

Walikutana vichwa kwa vichwa, na ile sauti ya pembe kugonga pembe niliisikia kwa meno. Wetu alisukuma. Alisukuma vizuri mpaka nikajipata nikipiga kelele kwa Kiisukha, lugha ninayodai siijui, na watu wakanifunika mdomo kwa mikono yao. Halafu mguu wa nyuma ukateleza. Aliinuka, akasimama kidogo kama anayefikiria, akageuka. Fahali akishageuka, basi. Aliingia mahindi ya watu akikimbia, na hapo hapo mtu akasikia pikipiki akadhani ni chifu. Sekunde kumi uwanja ulikuwa mtupu.

Tulimpata karibu na mto, baba na mimi, saa mbili na nusu. Damu kidogo shingoni. Baba alimshika pua, akampangusa na barakoa yake ya buluu, akairudisha mfukoni.

"Ungeuza," akasema.

"Wewe ungeuza?"

Hakujibu. Mchinjaji alipiga simu kabla ya saa sita: sasa ni sitini na tano. Nikamwambia aongee na mzee. Mzee alimwambia aongee na mwenye ng'ombe.

Mwenye mahindi alitaka elfu nne. Nililipa mbili, nyingine nikaahidi mwisho wa mwezi, nikakimbilia matatu ya Bungoma. Tukiwa Kamukuywa simu ikaingia ujumbe wa baba, ambaye huandika kwa shida: AMEKULA KIDOGO.